Nembo Ikae Wapi

Kazi ya mwisho katika programu ya mwanafunzi ni nembo. Hesabu zikishakubali, vitufe vikishaitikia, grafu zikishaacha kugombania nafasi na maandishi, ndipo msimamizi anaposogeza kiti nyuma na kusema: sasa weka nembo ya chuo, juu kushoto, iwe kubwa, ionekane. Ni kazi ya nusu saa. Mimi ilinichukua wiki tatu, na sehemu ya kompyuta ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote.

Nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi, na programu yangu inahusu visima. Kama umewahi kupanda daladala ya Mbagala ukaendelea nayo hadi Chamazi, umeyaona matangi: meusi, ya plastiki, juu ya minara ya zege au ya vyuma, moja kila baada ya nyumba kadhaa. Chini ya tangi kuna kisima kirefu na pampu, na mbele ya pampu kuna foleni ya ndoo na madumu. Huku watu walifika kabla ya bomba la mji, wakachimba.

Shida ya kisima cha mji wa pwani ni kwamba chini yake hakuna maji matamu peke yake. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ghyben wa Uholanzi mwaka 1888 na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901 walifikia hesabu moja, kila mtu kwa njia yake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu. Vuta maji mpaka kina kishuke mita 1, na maji ya chumvi, yakipewa muda, yanaweza kupanda mita 40. Ndiyo maana chai ya nyumba fulani ina ladha ya machozi na mwenye nyumba anaapa kwamba kisima chake hakijabadilika.

Programu yangu inasoma vipimo vya kina cha maji, inachora mstari, na inasema pampu ipumzike saa ngapi. Vipimo vyenyewe havikutoka maabara. Vilitoka kwa mama anayewasha pampu ya kisima kimoja cha watu waliochangishana Chamazi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kila jioni baada ya kuzima, anateremsha kamba yenye uzito na mafundo ndani ya bomba jembamba la kupimia, anahesabu, anaandika kwenye kaunta buku. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka sita bila kutumwa na mtafiti yeyote. Alianza baada ya pampu ya kwanza kuungua kwa kuvuta hewa, akasema haitamtokea tena akiwa hajui maji yako wapi.

Sasa turudi kwenye nembo.

MATLAB, kwa ambaye hajakutana nayo, ni programu ya hesabu. Cleve Moler aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico, ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi bila kwanza kujifunza kuandika Fortran. Mwaka 1984 ikawa bidhaa ya kampuni ya MathWorks. Jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana ya maabara ya matriksi, na jina halidanganyi: ndani yake kila kitu ni jedwali la namba. Hata picha.

Ukiiambia isome nembo kwa amri ya imread, haikupi nembo. Inakupa majedwali matatu yaliyolaliana, moja la wekundu, moja la ukijani, moja la ubluu, kila nafasi ikiwa na namba kuanzia 0 hadi 255. Nembo ndogo yenye pikseli 300 kwa 300 ni namba 270,000. Mwenge, kitabu, ngao, kaulimbiu ya Kilatini au ya Kiswahili, vyote vimeshuka vikawa namba. Ili uvione tena unatenga sehemu kwenye kiolesura, unaichora picha humo, kisha unazima mistari ya vipimo pembeni, maana MATLAB kwa mazoea yake hudhani kila mchoro ni grafu, na itaiwekea nembo ya chuo mhimili wa x na wa y kama vile ni matokeo ya jaribio. Halafu kuna mandhari. Nembo nyingi huhifadhiwa zikiwa na mandhari yasiyo na rangi, yanayopitisha mwanga kama kioo. Habari za kioo hicho zinakaa kwenye jedwali la nne, na usipoliomba kwa jina hulipewi. Mara nyingi nembo hutokea ndani ya boksi jeusi, kama picha ya marehemu gazetini. Ukiliomba, ukalikabidhi kwa kipengele cha AlphaData, weusi unaondoka.

Hayo yote ni nusu saa, kama nilivyosema. Kilichobaki ni njia: faili la nembo liko wapi?

Programu hii sikuianza mimi. Niliirithi kwa mwanafunzi aliyenitangulia, ambaye aliacha masomo ada ilipokatika. Msimamizi alinipa faili zake kwenye flashi. Grafu ya msingi ni yake. Mimi niliongeza hesabu ya chumvi, nikabadilisha usomaji wa vipimo, nikaandika upya karibu vitufe vyote. Lakini katika sehemu inayofanya kazi programu inapofunguka, kulikuwa na mstari wake mmoja wa kuita nembo. Ulianza na C:\Users, ukafuatiwa na jina lake, ukaingia kwenye folda iliyoitwa "mwisho", na ndani yake nyingine iliyoitwa "mwisho_kweli". Kila programu ilipofunguliwa kwenye kompyuta isiyokuwa yake, ilitoa maandishi mekundu kwamba faili halionekani, na ikaitaja njia nzima, jina lake likiwa katikati.

Kurekebisha mstari kama huo ni jambo la dakika moja. Badala ya kutaja anwani ya nyumba ya mtu, unaiambia programu itafute nembo mahali ilipo programu yenyewe, popote itakapohamia. Lakini nilipotafuta jina la yule kaka kwenye faili zote, zaidi ya mistari elfu moja, nililikuta mahali hapo tu. Hakuandika popote kwamba kazi ni yake. Kitu pekee kilichosema kwamba aliwahi kuwepo kilikuwa ni hitilafu.

Nilimpigia simu. Alicheka sana. "Bado upo ule mstari? Uondoe bwana, unawasumbua bure." Kisha akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia pikipiki na mtu akiuliza bei. Akasema, "Na ile grafu, inafanya kazi?"

Nikamwambia inafanya. Akasema haya, na salio langu likaisha.

Nimelelewa na mtu wa nembo. Baba yangu ni mchoraji wa mabango, Tandika. Kabla mashine za kuchapa mabango ya plastiki hazijajaa mjini, yeye na brashi zake walichora soda kwenye kuta za maduka, vichwa vyenye mitindo ya nywele kwenye saluni za kiume, samaki mzima mbele ya migahawa, na nembo za kampuni za simu zilizobadilika kila kampuni ilipobadilisha jina. Aliweza kuchora nembo ya soda kwa macho, bila rula, ukadhani imechapwa. Na kila ukuta, chini kabisa kulia, kwa herufi ndogo kuliko zote, aliandika jina lake na namba ya simu. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini asiandike kubwa. Akanijibu, "Nembo ni ya tajiri. Ukuta ni wa mwenye duka. Mimi pangu ni hapa chini." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anagawa ukuta.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Mzee Ngosha, na wengi wenu mtakuwa mnazikumbuka. Mwaka 2017 waandishi wa habari walimkuta Buguruni mzee mgonjwa, Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, akiishi kwa dhiki kwenye chumba cha kusaidiwa. Alisema yeye ndiye aliyeichora Nembo ya Taifa. Ile ngao, pembe za ndovu, mwanamume na mwanamke, karafuu na pamba miguuni mwao, Mlima Kilimanjaro chini yao, na maneno Uhuru na Umoja. Alipelekwa hospitali, na Mei hiyo hiyo akafariki Muhimbili. Wapo wengine waliotajwa kwa kazi hiyo pia, na mabishano yalichukua kurasa nyingi kuliko maisha yake yalivyowahi kupata. Baba hakujali sana nani alishinda. Alichukua cheti changu cha kuzaliwa, akakigeuza upande wa mbele na wa nyuma, akasema, "Tazama. Hakuna mahali pa chini kulia."

Niliyakumbuka hayo nikiwa maabara, nimeshaiweka nembo ya chuo juu kushoto, kubwa, bila boksi jeusi. Ilipendeza, sikatai. Siku mbili baadaye nikaibeba laptopu kwenda Chamazi, kumwonyesha mama wa pampu programu iliyotokana na kaunta buku lake, na kuomba vipimo vya miezi minne iliyobaki.

Tulikaa kwenye benchi chini ya tangi. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, nikafungua. Nilitegemea atatazama mstari wa maji. Akaweka kidole juu kushoto.

"Hii alama ya nani, mwanangu?"

"Ya chuo, mama. Ninaposoma."

"Kwa hiyo kisima kimeingia chuo?"

Nikasema hapana, chuo kimesaidia programu tu. Alitikisa kichwa taratibu, kwa adabu, kama mtu anayesikia bei asiyoikubali. Kisha akalifunga daftari, akaliweka mapajani, akalifunika kwa upande wa kanga. Akasema mambo ya vipimo ingekuwa vizuri yasubiri kikao cha kamati.

Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyenieleza, siku hiyo hiyo, tukitembea kuelekea barabarani. Mtaa wa pili kuna kisima kilichochimbwa kwa msaada. Siku ya uzinduzi liliwekwa bango lenye nembo tatu: ya aliyetoa fedha, ya aliyesimamia, na ya aliyechimba. Pampu ilipoharibika, watu walikwenda kwa kila mwenye nembo, na kila mmoja aliwaelekeza kwa mwenzake. Wakakubaliana waitengeneze wenyewe kwa michango, na hapo ndipo walipoambiwa wasiguse, mradi una wenyewe. "Bango bado liko," akasema. "Linaanikiwa nguo." Akaongeza kwamba mji huu umemfundisha kila mtu kusoma alama. Ukiamka ukakuta X nyekundu ukutani kwako, hujaambiwa neno, lakini unajua nyumba si yako tena. Sasa mimi naja na alama ya rangi tatu, naiweka juu ya namba za kisima chao, nasema haina maana yoyote.

Nilirudi Tandika nimesimama, daladala imejaa mpaka mlangoni, nikiwa na hasira ambazo hazikuwa na mwenyewe. Msimamizi hakuwa na kosa: chuo kinatoa maabara, leseni na jina. Kamati haikuwa na kosa. Na bila vipimo vya miezi minne, tasnifu yangu ilikuwa inaishia katikati ya kiangazi, kabla ya masika, yaani mahali ambapo swali la chumvi lilikuwa halijajibiwa.

Usiku ule nilisoma kuhusu nembo ya MATLAB yenyewe. Huenda umewahi kuiona: kitu kama shuka lililoinuliwa na upepo, lenye kilele kimoja, rangi ikitoka bluu kwenda chungwa. Sikuwahi kujua kwamba si mchoro wa msanii. Ni jibu la hesabu. Chukua ngozi ya ngoma yenye umbo la herufi L, ipige, uulize inatetema vipi kwa mlio wake wa chini kabisa; umbo linalotokea ndilo hilo. Moler alishughulika na swali la namna hiyo kwenye tasnifu yake ya udaktari, Stanford, mwaka 1965, kabla MATLAB haijazaliwa. Ukiandika neno membrane ndani ya MATLAB, inakuchorea umbo hilo papo hapo. Kuna utani ndani yake: kwa kawaida kingo za ngozi ya ngoma zimebanwa, hazipaswi kuinuka, lakini kwenye nembo upande mmoja umeinuka, na Moler mwenyewe ameandika kwamba nembo hailitii sharti hilo. Waliiacha hivyo kwa kuwa inapendeza.

Kilichonigusa ni kwamba nembo ile haikuletwa kutoka nje na kubandikwa. Ilitoka kwenye kazi. Nikajiuliza, katika programu yangu, kazi inaanzia wapi? Si kwenye chuo, na wala si kwangu. Inaanzia pale mtumiaji anapobonyeza "Fungua vipimo" na kuchagua faili. Wakati huo MATLAB inajua mambo mawili, jina la faili na folda lilimo. Basi nembo nayo itafutwe humo humo. Kama kwenye folda ya vipimo kuna picha iitwayo nembo, ichorwe juu kushoto. Kama haipo, sehemu ile ibaki tupu, bila maandishi mekundu na bila malalamiko. Mwenye vipimo ndiye mwenye kuamua sura ya programu, na akiondoka na folda yake anaondoka na alama yake.

Ilikuwa mistari sita. Nembo ya chuo niliihamishia kwenye dirisha dogo linalofunguka ukibonyeza "Kuhusu". Nilimweleza msimamizi sababu zote, kuanzia bango la nguo hadi X nyekundu. Alisikiliza huku amekunja mikono. Akauliza kama watahini wataiona nembo bila kutafuta sana. Nikamwambia ni mbonyezo mmoja. Akafikiri, akasema kwenye jalada la tasnifu hakuna mjadala, ila kwenye kiolesura nifanye kama mhandisi, yaani nimfikirie anayekitumia. Kwake yeye hayo ni maneno mengi.

Kamati ilikaa Jumapili. Nilialikwa kwa dakika kumi. Niliwaonyesha programu ikiwa haina nembo yoyote, nikawaeleza kwamba nafasi ile ni yao. Ulizuka mjadala kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja alitaka tone la maji. Mwingine alisema matone yako kwenye kila chupa mjini. Mzee mmoja akashauri picha ya tangi. Mwishowe mwenyekiti alifungua begi lake, akatoa karatasi na kile kidau cha wino, akagonga muhuri wa kamati mbele yetu, akanisukumia. "Hii ndiyo sisi," akasema. "Ukienda benki wanaijua, ukienda serikali za mtaa wanaijua."

Niliupiga picha kwa simu. Wino wa zambarau ulikuwa umekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, na muhuri umelala kidogo. Ningeweza kuunyoosha, kuzungusha picha ni amri moja tu. Mama wa pampu, aliyekuwa nyuma yangu, akaniambia niuache, maana ukinyooka sana watu watadhani ni wa kughushi. Nikauacha. Aliyafungua mapaja, akanipa daftari, na akakaa pembeni yangu wakati naandika, akinisomea mafundo ambayo mwandiko wake ulikuwa umeyameza.

Vipimo vya miezi minne vinaonyesha kwamba katika kisima kile maji yalishuka kwa sentimita 60 kabla ya masika na yakarudi karibu yote. Kwa mujibu wa hesabu ya wale wawili, huo ni mkopo wa mita 24 kutoka baharini uliolipwa kwa wakati. Pampu sasa inapumzika kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na foleni imejipanga upya kuizoea.

Limebaki dirisha la "Kuhusu". Chini ya nembo ya chuo niliacha mistari mitatu, kwa herufi ndogo, chini kulia. Wa kwanza ni wa mama aliyepima, kwa jina analotaka kuitwa, ambalo si lile la kwenye kitambulisho. Wa tatu ni wangu. Wa pili ulikuwa umebaki wazi, kwa sababu jina la mtu kwenye njia ya kompyuta huwa ni la kwanza tu, kwa herufi ndogo, na halitoshi kuandikwa mahali watahini watalisoma. Nilimtumia yule kaka ujumbe nikimweleza na kumuuliza aandikweje. Alikaa siku mbili kimya. Majibu yalikuja usiku, majina matatu kwa herufi kubwa, na chini yake: "La katikati lina h. Kila mtu huisahau."